Miaka Miwili ya Kuandika Karatasi za Vizazi

Nilianza Jumatatu ya kwanza ya Desemba, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Muda naujua vizuri kwa sababu Ba'mkubwa Shomari alikuwa fundi saa kabla hajawa mtu wa nyota, na ukutani kwake zimebaki saa sita zinazokubaliana zote. Nilitakiwa kufika saa mbili kamili. Nilipomwamkia aliitikia marahaba huku anaziangalia zile saa moja moja, kama vile ananitafutia moja ya kunitetea. Hakuipata.

Nuru mdogo wangu, naandika haya kwa sababu Jumatatu baada ya shule utakaa wewe kwenye kile kiti, na najua hakuna atakayekueleza kitu. Mimi sikuelezwa. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, wewe una kumi na minne, na hiyo tofauti ndiyo inanipa ruhusa ya kukuchosha. Soma polepole. Mengine hutayapenda.

Kazi niliipata kwa aibu yangu. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa kidato cha pili, nipo nyumbani nimekaa, Ba'mkubwa akaja kulalamika kwamba macho yamechoka na mwandiko wake hausomeki tena. Baba akanionyesha kwa kidevu, kana kwamba sipo. "Mchukue binti huyu. Ana mwandiko mzuri, halafu haongei." Ba'mkubwa akasema, "Asiyeongea ndiye ninayemtaka." Wakanywa chai. Ni kweli siongei. Darasani nikiitwa nasimama, jibu ninalo, halafu linakwama hapa kooni mpaka mwalimu anachoka ananiambia kaa. Kwenye daftari ndiko naongea, kwa hiyo vumilia.

Chumba unakijua, kile cha ghorofa ya kwanza pale mtaa wa Gerezani, juu ya duka la gia boksi. Usichokijua ni kwamba chini wanagonga vyuma kuanzia asubuhi, na meza inatetemeka. Ukichora duara wakati Fundi Chidi anagonga, duara linakuwa yai. Wiki ya kwanza nilichora mayai tu. Siri yake ni hii: Chidi hugonga mara nne, anatazama, anatukana kidogo, ndiyo anaendelea. Chora wakati anatukana.

Duara linachorwa kwa kisahani cha chai, siyo bikari, kwa sababu bikari inatoboa karatasi na mteja anaona kama amepewa kitu kibovu. Rula ni ile ya chuma. Kalamu ni tatu: buluu ya Uranusi, kijani ya Neptuni, nyekundu ya Pluto. Siku ya kwanza niliandika jina la mteja kwa nyekundu nikaona limependeza. Ba'mkubwa akaichana karatasi mbele yangu, taratibu, mara mbili. "Nyekundu ni ya Pluto peke yake. Jina la mtu siyo Pluto." Halafu kuna jedwali, kile kitabu kinene cha fotokopi chenye gundi mgongoni, kinachoonyesha kila mwezi wa kila mwaka sayari ilikuwa kwenye nyota ipi. Kipo kabati la juu. Nilikaa karibu miaka miwili bila kukifungua, na hilo nitalirudia kwa sababu bado linanichoma.

Kazi yenyewe ni kama ifuatavyo. Watu wa nyota wengine wanataka siku, saa na mahali ulipozaliwa. Ba'mkubwa alijaribu hivyo akashindwa. Unamuuliza mtu saa aliyozaliwa, anakwambia mama alisema mvua ilikuwa kubwa. Unamuuliza mwingine tarehe, anakutajia ile aliyoandikishiwa shule ili umri ukubali. Ndipo akaachana na jua na mwezi, akabaki na sayari tatu za mbali. Hizo zinakwenda taratibu mno. Uranusi inakaa kwenye nyota moja kama miaka saba, Neptuni kama kumi na minne, na Pluto kuna nyota inakaa miaka kumi na miwili na kuna nyota inakaa hata thelathini. Kwa hiyo watu wote waliozaliwa kipindi kimoja wanakuwa na alama zilezile, na alama hizo, anasema Ba'mkubwa, ndizo tabia ya kizazi. Saa haihitajiki. Unahitaji mwaka tu, na mwaka kila mtu anao, hata wa kukadiria.

"Mimi sitabiri," alikuwa anamwambia kila mteja, hasa wale wenye kofia za msikitini. "Sisemi utapata nini. Nasema watu wa rika lako wameelekea upande gani." Mama yangu hiyo tofauti hakuwahi kuikubali. Kila jioni ananiuliza, "Umetabiri leo?" Namjibu, "Nimeandika tu." Anasema, "Haya, kanawe."

Chati ya manila ipo ukutani, imekunjamana kona. Ikariri, maana mteja akikuona unageuka kuangalia ukuta anapoteza imani. Waliozaliwa Pluto ikiwa Simba ni wale wazee wa kabla ya uhuru, wanapenda kusikilizwa na hawakai kiti cha nyuma. Mashuke ni kizazi cha Ba'mkubwa mwenyewe, watu wa kukarabati na kukosoa, hawatupi hata msumari uliopinda. Mizani ni kina baba na mama zetu, kila jambo lazima liwe na kikao na kila kikao kiwe na upande wa pili. Baba alichukua wiki tatu kuchagua rangi ya geti, kwa hiyo hapo nilinyamaza. Nge ni wale wanaolaza simu kifudifudi. Mshale ni kaka na dada zetu, watu wa safari na maneno makubwa, kila mmoja ana mpango unaoanzia nje ya nchi. Halafu kuanzia mwaka 2008 ni sisi, Mbuzi: wazito, wa kazi, wa kubeba mzigo wa wazee, wa kubaki na kujenga. Wanaozaliwa sasa ni Ndoo. Hao bado hawajaanza kuudhi mtu.

Mara ya kwanza kuandika ile ya Mbuzi nilijitafuta humo nikajiona, maana mimi kweli ni mzito. Kisha nikaenda darasani. Darasani kwetu karibu wote ni Mbuzi. Yupo anayelala kuanzia kipindi cha kwanza. Yupo anayeuza ubuyu chini ya dawati na hela anazificha kwenye soksi. Yupo ambaye hajawahi kubeba mzigo wa mtu yeyote, hata begi lake anabebewa. Jumamosi nikajikaza nikamuuliza Ba'mkubwa imekuwaje.

"Hayo ni mambo ya juu juu," akasema. "Chini mmefanana."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa."

Nikaendelea kuandika. Utaona mwenyewe, kuna majibu yake ambayo ni kama mlango uliochorwa ukutani.

Kitu kilichonichosha kuliko vyote ni wateja. Kwa miaka miwili sikumbuki mtu mmoja aliyekuja kuuliza habari za kizazi chake. Kila mtu alitaka karatasi ya mwenzake. Baba anataka ya watoto, watoto wanataka ya baba, bosi wa duka anataka ya vijana wake wa mauzo, na mama mkwe, Mungu wangu, mama mkwe anataka ya mkwe pamoja na nakala. Wanakaa pale wanasikiliza ninavyosomewa maneno ya kuandika, wanatikisa kichwa, "Ee. Ee. Ndivyo alivyo." Hamna aliyewahi kusema sivyo. Nilitamani mmoja tu aseme sivyo.

Sheria za Ba'mkubwa ni chache. Usiandike "atakuwa," andika "ana mwelekeo wa." Usiandike karatasi ya mtu na mwenye nayo amesimama mlangoni. Na kubwa kuliko zote, uliza mwaka, mwezi usiulize. "Mwezi unaleta maswali," aliniambia, na mimi kwa sababu maswali siyapendi nikaona ni sheria nzuri.

Nikueleze kisa cha Mama Tumaini, ili usidhani niliona upuuzi tangu mwanzo. Huyu mama ni wa Songea, anauza viatu vya mtumba Mchikichini. Alikuja Jumamosi moja na mfuko wa raba mkononi, akakaa, akasema mwanawe wa kiume ameacha kazi ya tatu mwaka huohuo. Mwaka wa kuzaliwa kijana, 1999. Pluto Mshale. Ba'mkubwa akasema maneno yake, mimi nikaandika: kizazi chenye mwelekeo wa kutafuta mbali, kinachoona kuta kabla hakijaona nyumba. Mama Tumaini akaisoma taratibu kwa kidole. Akasema, "Kumbe siyo mimi niliyemkosea malezi." Akaikunja akaiweka kifuani. Alishuka ngazi kama mtu aliyetuliwa gunia. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimejaa fahari, na hata Mama aliponiuliza kama nimetabiri sikuchukia.

Baada ya wiki Tumaini mwenyewe akaja na karatasi mkononi. Kijana mrefu, mpole. Akasimama mlangoni. "Mambo. Nani kaandika hii?"

Niliinamia rula. Ba'mkubwa akasema, "Ina kosa gani?"

"Mzee, mama ameacha kunigombeza."

"Si vizuri?"

"Ananihurumia. Ananiangalia kama mgonjwa. Jana nimemwambia nimepata kibarua, kanijibu, haya baba, najua hutakaa. Kibarua sijakianza." Akaiweka karatasi mezani. "Bora anigombeze."

Ba'mkubwa akafikiri, akamwuliza mama yake kazaliwa mwaka gani, akanisomea ya Mizani, nikaandika. Tumaini akaondoka na karatasi ya mama yake. Sijui kwa nini alikubali. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa nahangaika na duara.

Sasa nije kwa Ami Salim. Unalijua duka lake la vitambaa kule Kariakoo, lile refu jembamba lenye majora mpaka darini. Familia yao ni Waarabu wa tangu zamani hapa mjini, na binti yake Samira nasoma naye. Anakaa dawati la mbele yangu. Anaongea tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwa sababu mimi siongei tunaenda sawa. Ami Salim ni mtu wa dini, kwa mganga hawezi kukanyaga, lakini falaki, hesabu za nyota, anasema ni elimu. Alipanda ngazi zetu mwezi Agosti. Nikamwamkia, hakunitambua, mimi watu huwa hawanitambui.

"Shomari, nina binti," akasema. "Mwaka huu anamaliza kidato cha nne. Anataka kwenda bweni, mkoani huko, asome sayansi. Kaka zake wote wametawanyika. Duka halina mtu. Nataka kujua kama huyu ni mtu wa kwenda au mtu wa kukaa. Nisije nikamlazimisha kitu kisicho chake."

Sikiliza hiyo, Nuru. Hakuja kwa ubaya. Alikuja kwa sababu hakutaka kumlazimisha.

"Mwaka?" Ba'mkubwa akauliza.

"2008."

"Mbuzi," akasema Ba'mkubwa, akaanza kunisomea. Mwelekeo wa kubaki. Mwelekeo wa kushika mali ya wazee na kuiongeza. Kizazi ambacho kikipelekwa mbali kinakauka. Hilo la kukauka halikuwepo kwenye chati, lilimjia papo hapo, nadhani alimwonea huruma mzee mwenzake. Nikaliandika. Nilijua ni Samira na nikaliandika, kwa mwandiko wangu mzuri, duara halikuwa yai hata kidogo. Ami Salim akaipeleka ikatiwa plastiki, akaitundika dukani nyuma ya kiti chake.

Baada ya wiki mbili Samira aligeuka darasani akasema, "Nipe daftari lako la Biolojia." Nikampa. Hakusoma Biolojia. Aliangalia herufi zangu za k, ambazo zina mkia, akazidi kuziangalia.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Dukani kwetu kuna karatasi inasema mimi nikienda mbali nakauka. Kila mteja anaisoma. Jana mama mmoja kapima kitenge mita tatu, kaniambia hongera mwanangu, umepata nyota ya kutulia." Alinirudishia daftari. "Baba kasema fomu hasaini. Kasema hataki kupingana na maumbile yangu. Maumbile yangu ameyajuaje, mimi ndiye ninayekaa nayo."

Fomu ni ile ya kuchagua shule na masomo ya kidato cha tano. Sisi tuliambiwa zirudi Jumatatu iliyofuata zikiwa na sahihi ya mzazi. Samira anataka kemia tangu zamani. Amekulia kwenye vitambaa, anataka kujua kwa nini nyekundu moja inachuja na nyingine haichuji, na hakuna mtu dukani anayeweza kumjibu.

Sikulala vizuri. Siku iliyofuata baada ya shule nilipitia Gerezani. Ba'mkubwa alikuwa ameenda kuswali, nikapanda kiti nikashusha jedwali. Samira kazaliwa Agosti, darasa zima tunajua, siku yake ya kuzaliwa tulimmwagia maji mpaka viatu vikaja kuanikwa dirishani kwa mwalimu. Nikatafuta 2008. Januari mwishoni Pluto inaingia Mbuzi, kama chati ilivyosema. Nikafuata safu kwa rula. Kuanzia Aprili kuna herufi R, na katikati ya Juni jina la nyota limebadilika. Mshale. Julai Mshale. Agosti Mshale. Inarudi Mbuzi mwishoni mwa Novemba.

Nilikaa chini. Chidi alikuwa anagonga na mimi namsikia kwa mbali.

Ba'mkubwa aliporudi nilimwonyesha kwa kidole. Alivaa miwani. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Ndiyo, hiyo R ni ya kurudi nyuma," akasema. "Hairudi kweli. Dunia yetu inaipita. Ni kama basi la mwendokasi likipita gari lililo kwenye foleni, wewe uliye ndani unaona lile gari linarudi. Sayari zote za mbali zinafanya hivyo kila mwaka. Kwa kawaida haijalishi. Ikiwa mpakani ndiyo inajalisha."

"Ulikuwa unajua."

"Chati nilichora mimi."

"Kwa nini hukuandika?"

"Ningeandikaje? Mwaka mmoja vizazi viwili? Mtu ana watoto wawili wa mwaka mmoja, mmoja wa Machi kwa mke mkubwa, mwingine Agosti kwa mke mdogo, nimwambie hawa siyo kizazi kimoja? Watagombana hapo hapo." Akavua miwani. "Mwezi unaleta maswali."

"Samira ni Mshale, Ba'mkubwa. Kwa hesabu zetu wenyewe. Tumeandika kinyume chake kabisa. Tumuandikie Ami Salim nyingine."

"Halafu? Kesho aje mtu wa 1984, ule pia ni mpaka. Aje wa 1995. Wote waje na karatasi zao. Wewe unajua tumeandika ngapi?"

"Sijui."

"Hata mimi. Acha."

Kwa mara ya kwanza nilimvunjia sheria. Niliandika karatasi mpya nyumbani, Mshale, kwa kalamu nyekundu yangu mwenyewe, kila kitu kama kinavyotakiwa: mwelekeo wa kutafuta elimu ya mbali, mwelekeo wa kuuliza. Niliipenda. Alhamisi nikampa Samira wakati wa mapumziko, nikamweleza kuhusu Juni na Novemba, nadhani ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu.

Aliisoma yote. Akauliza, "Wewe umezaliwa mwezi gani?"

"Machi."

"Kwa hiyo wewe ni Mbuzi kweli."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi nikienda bweni ni sawa, kwa sababu nimezaliwa Agosti." Alikuwa anaikunja karatasi mara nyingi mpaka ikawa kidogo kama kibiriti. "Ningezaliwa Machi kama wewe, ningestahili kukaa dukani?"

Nilianza kuhesabu miezi kwenye vidole, nikaacha.

"Na wewe mwenyewe unataka nini? Au hujaisoma bado." Akanirudishia. "Asante kwa kazi. Sitaki kubadilishiwa karatasi. Nataka baba aniulize."

Aliondoka. Kabla ya siku hiyo Samira hakuwahi kuniacha kwenye benchi peke yangu. Nilimkasirikia sana kwa sababu nilikuwa nimejitahidi, na nilipofika nyumbani hasira ikahama, ikawa ni yangu juu yangu. Nilimhesabu Tumaini, na mama mkwe mwenye nakala, na vijana wa mauzo ambao bosi wao aliwapanga zamu kwa kufuata chati. Wote hao niliwaandika wao hawapo. Mshale, Mbuzi, kosa la mpaka, ni kweli ni kosa na lazima lirekebishwe, lakini hata ningeandika sahihi bado nisingekuwa nimemuuliza mtu chochote. Sijui kama Pluto inamfanyia mtu yeyote kitu. Huenda inafanya. Mama Tumaini alishuka zile ngazi mwepesi na siwezi kusema sikuona. Ninachojua ni kwamba kitu kilicho cha watu wote wa rika langu hakiwezi kutosha kunieleza mimi, na hakiwezi kabisa kusaini fomu.

Ijumaa baada ya shule nikaenda kuacha kazi. Ba'mkubwa alikuwa anazijaza saa ufunguo, zile mbili za zamani. Nilisimama, likakwama kooni kama kawaida. Alisubiri. Huyu mzee ana uvumilivu, hilo nimwekee. Katika miaka miwili hakuwahi kunimalizia sentensi yangu.

"Naomba niache," nikasema.

"Kwa ajili ya 2008?"

"Kwa ajili ya karatasi. Na kesho naenda kwa Ami Salim kumwambia."

"Kumwambia Shomari mwongo?"

"Kumwambia mimi ndiye niliyeandika. Na kwamba binti yake simjui kwa kuangalia mwaka."

Alimaliza kujaza saa ya pili, akaifunga kile kioo chake. "Miaka miwili umekaa hapo husemi neno. Leo ndiyo unasema, na unasema hili." Hakukasirika kwa sauti. "Kizazi chako hakiachi kazi."

"Ndivyo nilivyoandika."

Akaweka ufunguo wa saa mfukoni. Halafu akauliza, "Nuru ana mwandiko gani?" Nikajua nimeruhusiwa, na nikajua nimekuponza.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu. Uliza mwezi. Atakukataza, uliza hata hivyo, mwaka wa mpakani usiandike bila jedwali. Usikubali neno ambalo halipo kwenye chati, hata kama analisema kwa huruma, hasa kama analisema kwa huruma. Na mteja akishakaa, kabla hujagusa kisahani, muulize, huyo anayeandikwa yuko wapi na kwa nini hakuja. Atakuchukia. Wengine watanyanyuka waondoke. Ba'mkubwa atapiga kelele, au atatazama saa, ambayo kwake ni kelele. Fanya tu.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilifika dukani kwa Ami Salim saa tatu, ndiyo kwanza wanatoa majora nje. Nilipita nje mara mbili. Mara ya tatu kijana wa duka jirani aliniuliza, "Dada umepotea?" nikaingia kwa sababu ya aibu ya kuulizwa. Ami alikuwa kitini, karatasi iko juu ya kichwa chake inang'aa. Samira alikuwa nyuma, anapima kitambaa cha mteja kwa ile fimbo ya mita, akaniona akaendelea kupima.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Karibu, unatafuta kitambaa gani?"

"Hiyo karatasi nimeandika mimi."

Akageuka kuitazama, kisha akanitazama mimi, na safari hii alinitambua. "Wewe ndiye binti wa pale kwa Shomari. Mwandiko mzuri."

"Ina makosa." Nikamweleza Juni na Novemba. Nilieleza vibaya, nilirukaruka, mteja wa kitambaa akaacha kuangalia kitambaa akaniangalia mimi. Ami Salim alisikiliza, akakunja uso.

"Kwa hiyo siyo Mbuzi. Ni Mshale, mtu wa kwenda."

Ningeweza kusema ndiyo. Ingeisha hapo hapo, angetoa kalamu, na Samira angeenda bweni kwa mkono wangu, kama vile alivyokuwa anabaki kwa mkono wangu. Nilikuwa na ile karatasi mpya mfukoni, imekunjwa kama kibiriti.

"Sijui, Ami," nikasema. "Nilimwandika bila kumuuliza. Yupo hapo."

Akaitazama tena ile karatasi. Nje mtu anatangaza bei. Halafu Ami Salim akazungusha kiti chake chote, siyo shingo tu, kikakwaruza sakafu, akamwelekea binti yake.

"Haya, Samira. Wewe unasemaje?"

Samira, ambaye anaongea mpaka walimu wanamhamisha dawati, alibaki na mdomo wazi kidogo, fimbo ya mita mkono mmoja, jora mkono mwingine, kitambaa kimeanza kumteleza. Nilizunguka meza, nikamshikia jora na kitambaa chake, nikasimama pembeni nimenyamaza. Akaweka fimbo chini akaanza kusema.